Jinsi ya kuwaandaa tarantula kabla ya kuzaana

Tarantula ni buibui wakubwa wenye manyoya. Mmoja wao, Pterinochilus murinus, hupatikana hapa Kenya. Mfugaji anayetaka wazaane sharti achunguze kwanza ni lini jike alijivua gamba. Jike anapojivua hupoteza mbegu zote alizohifadhi, hivyo apandishwe punde gamba jipya linapokuwa gumu, wala si anapokaribia kujivua tena. Alishwe ashibe, kwani mwenye njaa huweza kumla dume.

Dume aliyekomaa hufuma utando mdogo, akaweka mbegu juu yake, kisha akazifyonza kwa vipapasio vilivyo karibu na kinywa. Kabla ya hapo, kumpeleka kwa jike ni kumhatarisha bure. Wakishapandana, aondolewe upesi.