Kenya: Ruba wa manyoya anayewavuta trauti wa maziwani

Katika miteremko ya Mlima Kenya yamo maziwa madogo ya maji baridi, miongoni mwao Ziwa Rutundu na Ziwa Alice, ambamo wavuvi wa mshipi huwafuata samaki aina ya trauti. Trauti si samaki wa asili ya Afrika Mashariki. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, na baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua. Samaki hao huvuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu au kiumbe kingine cha majini. Mmojawapo wa nzi wanaosifika katika maji yaliyotulia ni yule anayemwiga ruba.

Kwa nini ruba?

Ruba ni jamaa wa nyungunyungu, na hupatikana katika maziwa na mabwawa mengi duniani. Si ruba wote wanaofyonza damu. Wako wanaokula konokono na wadudu wadogo. Ruba anapoogelea, mwili wake hujinyoosha na kupanda na kushuka kama utepe unaopeperushwa na upepo. Kwa trauti, hicho ni chakula laini, kikubwa kuliko wadudu wengi, na kisicho na mbio.

Hapo ndipo ilipo siri ya chambo hiki. Trauti hadanganywi na sura peke yake, bali na mwendo. Nzi aliyefungwa kwa ustadi lakini akakakamaa majini hupita bila kuguswa, ilhali aliye mnyonge wa sura lakini mwili wake ukacheza hufuatwa.

Jinsi anavyofungwa

Mfano mashuhuri zaidi wa nzi wa namna hii huitwa Woolly Bugger, uliobuniwa na Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1960. Fundi huibana ndoana ya shina refu, ya namba 6 hadi 10, kwenye jiliwa ndogo. Kwanza huivisha shanga ya shaba au ya tungsteni karibu na tundu la ndoana ili nzi azame. Zamani waya wa risasi ulitumika sana, lakini risasi ni sumu kwa ndege wa majini.

Kisha hufunga mkia wa manyoya laini yaitwayo marabu, urefu wake ukilingana na shina la ndoana. Jina hilo limetokana na kongoti, ndege mkubwa mwenye upara aonekanaye majalalani Nairobi na Kampala, ambaye manyoya yake mororo yalitumika zamani. Siku hizi marabu hutoka kwa bata mzinga. Baada ya mkia, shina huzungushiwa uzi wenye nyuzinyuzi kama manyoya ya kiwavi, na juu yake huviringishwa unyoya wa jogoo kutoka nyuma hadi mbele. Waya mwembamba wa shaba huushikilia unyoya huo usikatwe na meno ya samaki. Kazi hukamilika kwa fundo na tone la vanishi.

Kosa la wengi ni kuzidisha manyoya. Mkia mnene huganda pamoja kama brashi; mkia mwepesi hutikisika hata maji yanapokuwa shwari. Rangi zinazopendwa ni nyeusi, kahawia, kijani cha zeituni na damu ya mzee.

Jinsi ya kumvua nao

Mvuvi huurusha mshipi, kisha husubiri na kuhesabu huku nzi akizama. Kama samaki hakuguswa katika hesabu ya kumi, hujaribu kumi na tano, hadi akijue kina walipo. Halafu huvuta mshipi kwa mkono, sentimita chache kila mara, akituama kati ya mvuto mmoja na mwingine. Mara nyingi trauti hushika wakati wa kutua, nzi anapoanza kushuka tena. Kwa hiyo mshipi haupaswi kulegea. Hapa pupa haina nafasi: ruba halisi haendi mbio.

Mahali pazuri ni ukingoni mwa majani ya majini na pale kina kinapoanza kuongezeka. Alfajiri, jioni na siku za mawingu hufaa zaidi, kwa kuwa ruba wengi hukwepa mwanga mkali. Kabla ya kuvua, mgeni anapaswa kupata kibali na kuuliza kanuni za eneo husika.

Kazi ya mikono

Kwa Kenya, jambo hili si burudani ya watalii pekee. Tangu enzi za ukoloni nchi hiyo imekuwa na mafundi wa kufunga nzi, na bidhaa zao huuzwa Ulaya na Marekani. Hakuna mashine iliyochukua nafasi ya vidole vyao. Kila nzi hufungwa na mtu mmoja, ndoana moja baada ya nyingine, na dazeni nzima hutakiwa kufanana kwa ukubwa, rangi na urefu wa mkia. Fundo likifunguka katika ziwa la mbali, mvuvi hupoteza samaki, na fundi huweza kupoteza mteja.

Ndiyo maana fundi mzoefu hujali zaidi kile kisichoonekana dukani. Nzi akiwa mkavu, mkia wake ni kishungi cha manyoya tu; ubora wake hudhihirika akishalowa, manyoya yanapojikusanya na kuanza kuogelea kama ruba.