Hukumu ya Kipele, kutoka Mulago hadi Salgaa

Jioni malori ya masafa marefu yakijipanga Salgaa nchini Kenya, chini ya mteremko wa Sachangwan, dereva hupata nafasi ya kujitazama kwenye kioo cha pembeni. Akiuvuta mdomo, vinatokeza vitone vya manjano, vidogo kama punje za chuya. Moyo unamdunda. Kwa kuwa kituo chenyewe kina sifa ya starehe za usiku, watu hawangoji kipimo: ameokota ugonjwa barabarani.

Vitone hivyo vilielezwa mwaka 1896 na John Addison Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani. Ni tezi za mafuta zilizoota pasipo na nywele, midomoni na hata sehemu za siri. Watu wazima wengi wanazo. Haziumi wala haziambukizi.

Lakini hukumu ya macho ina historia ndefu Afrika Mashariki. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, aliutangazia ulimwengu kwamba kaswende imewaenea Waganda walio wengi. Taifa zima likachafuliwa jina. Miongo kadhaa baadaye madaktari walioupitia upya ushahidi walisema sehemu kubwa huenda ilikuwa buba, ambayo watoto huambukizana kwa kugusana ngozi tu. Hata Hospitali ya Mulago jijini Kampala ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa.

Hofu haikuwa bure kabisa. Miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walionyesha kwamba vidonda vya sehemu za siri, hasa pangusa, huvifungulia njia virusi vya Ukimwi. Hapo ndipo barabara kuu ya Mombasa hadi Uganda ilipoanza kutazamwa kwa jicho la tiba. Shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa mwaka 2006, liligeuza makontena kuwa zahanati za kando ya njia, Salgaa ikiwemo, ili dereva apimwe bila kuliacha lori mbali.

Na kipimo kinahitajika kweli, maana macho hudanganya pande zote mbili. Malengelenge huwasha na kuchoma, kwa hiyo mtu hukimbilia dawa. Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi. Baada ya wiki chache hupona chenyewe, ugonjwa ukibaki damuni ukisubiri sindano ya penisilini. Vitone vya Fordyce hukaa pale pale mdomoni miaka nenda miaka rudi.