MAHABUSU: KAZI YA KWANZA YA KADHI ILIKUWA GEREZANI



Ndugu yangu katika imani, kila Ijumaa tunawaombea wagonjwa, wasafiri, maiti wetu na wenye madeni. Mahabusu hatumtaji. Na tukimtaja tunamchanganya na mfungwa, ilhali hao ni watu wawili mbalimbali. Mfungwa amesikilizwa akahukumiwa. Mahabusu anasubiri kusikilizwa. Huenda ameua mtu, na huenda hajachinja hata kuku wa jirani. Wote wawili wanalala chumba kimoja, na kwa miaka mingi hapa Tanzania mahabusu wamekuwa karibu nusu ya watu wote walio magerezani. Ukisikia magereza yamejaa, watu wanalala ubavu ubavu na wanageuka kwa zamu, ujue sehemu kubwa ya msongamano huo ni watu ambao hakuna hakimu aliyesema wana hatia.

Hebu turudi nyuma kwenye historia yetu, kwa sababu suala hili si geni.

Anza na Nabii Yusuf (a.s.). Wengi tunakijua kisa cha kanzu iliyochanika kwa nyuma. Lakini Qur'an inasema jambo jingine ambalo tunalipita haraka: wakubwa wa Misri waliona kumfunga kwa muda baada ya kwisha kuziona dalili. Zingatia hapo. Ushahidi ulikuwapo, na ulikuwa upande wake. Hakuhukumiwa, wala hakuambiwa atatoka lini. Yule mwenzake aliyetoka akasahau kumtaja kwa bwana wake, na Yusuf akabaki ndani miaka. Alipoitwa hatimaye atoke, alikataa mpaka kesi yake ichunguzwe na wale wanawake waulizwe. Alitaka atoke akiwa ametakaswa, asitoke kwa huruma ya mfalme tu.

Katika zama za Mtume (s.a.w.) hapakuwa na jengo la jela Madina. Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa, aliposhikwa alifungwa kwenye nguzo ya msikiti. Kila siku Mtume alimwendea akamuuliza ana lipi la kusema. Siku ya tatu akaamuru afunguliwe, naye akaenda kuoga, akarudi akasilimu. Imepokewa pia kwamba Mtume alimzuia mtu kwa tuhuma kisha akamwachia. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Uislamu haujui kumzuia mtuhumiwa. Unajua. Swali ni kwa muda gani, na nani anamwangalia.

Jela kama jengo ilianza baadaye. Zama za Sayyidna Umar (r.a.) ilinunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya pale Makka ikafanywa jela. Sayyidna Ali (r.a.) alijenga ya matete huko Kufa, wezi wakaitoboa wakatoka, akajenga nyingine imara zaidi. Na majengo yakishakuwapo yana tabia ya kujaa.

Yalijaa. Miaka mia moja na ushee baadaye, khalifa Harun al-Rashid alimwomba Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa na kadhi mkuu wa Baghdad, amwandikie kuhusu kodi na uendeshaji wa dola. Ndicho Kitab al-Kharaj. Ndani yake kuna mlango wa wafungwa ambao natamani kila waziri ausome. Abu Yusuf anamwambia khalifa waziwazi kwamba wafungwa ni wengi kwa sababu hakuna anayetazama mambo yao. Wanafungwa, basi, kisha wanaachwa. Waamuru maliwali wako, anasema, wawatazame wafungwa kila siku. Anayestahili adabu apewe adabu aende zake, na asiye na kesi aachiwe.

Kisha anasema si halali mtu kufungwa kwa sababu tu fulani amemtuhumu. Waletwe wote wawili, mshitaki na mshitakiwa. Ukiwepo ushahidi, hukumu itolewe. Usipokuwepo, mshitakiwa achukuliwe mdhamini aende nyumbani. Hiyo ni dhamana, ndugu yangu, na mwandishi wake alifariki mwaka 182 Hijria, sawa na 798 Miladia. Kila ninaposikia mtu akisema dhamana tumeletewa na Wazungu, huwa namkumbuka Abu Yusuf.

Anaingia hata kwenye chakula. Msiwape mkate, anasema, walinzi watauiba. Kila mmoja apewe dirham kumi kwa mwezi mkononi mwake, na mtu mwema ashike daftari la majina na kuwaita mmoja mmoja. Nguo ya baridi na nguo ya joto, wanaume na wanawake. Akalaani ile tabia ya kuwatoa na minyororo yao wakaombe sadaka barabarani. Na lililonichoma zaidi: alisikia kwamba mgeni akifa jela alikuwa akibaki siku nzima au mbili, mpaka wafungwa wenzake wachangishane pesa za kumpeleka makaburini, akazikwa bila kuoshwa, bila sanda, bila kuswaliwa. Akataka hayo yote yafanywe kwa mali ya Baitul-mali. Wala hakuuliza kwanza kama marehemu alikuwa mwizi.

Sasa tuje kwetu Waswahili, watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi kimesomeshwa pwani hii tangu zamani. Fungua mlango wa ukadhi. Kadhi mpya akifika mjini aanze na nini? Mirathi? Ndoa? Hapana. Nawawi anasema atazame kwanza watu wa jela. Anayekiri kwamba amefungwa kwa haki abaki. Anayesema amedhulumiwa, basi mzigo wa hoja unakuwa juu ya yule aliyemfungisha. Huyo akiwa hayupo, aandikiwe aje. Wasii wa mali za mayatima wanafuata baada ya hapo. Wenye kuisherehesha Minhaj wametaja sababu: kufungwa ni adhabu, na mwenye kuadhibiwa hangoji foleni.

Na wameongeza jambo. Mtu akisema hajui kwa nini yuko ndani, itangazwe mjini ajitokeze mdai wake. Asipotokea, mfungwa aape na aachiwe. Na katika kipindi hicho cha kutangaza hafungwi wala haachwi hivi hivi, bali anaangaliwa kwa mbali.

Nisikufiche khitilafu. Al-Mawardi amenukuu kwamba wapo waliosema mtuhumiwa azuiliwe kwa uchunguzi mwezi mmoja usizidi, na wapo walioacha muda kwa rai ya kiongozi, na yeye mwenyewe alielekea huko. Mimi moyo wangu uko kwa wa mwezi mmoja. Muda ulioachwa wazi umeonekana unakofika.

Na umefika wapi? Sheria yetu inamtaka hakimu asiahirishe kesi zaidi ya siku 15 kwa mara moja ikiwa mshitakiwa yuko rumande. Inasikika vizuri. Lakini makosa mazito yasiyo na dhamana, kama mauaji na uhaini, yanaanzia mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kuyasikiliza. Basi karandinga linamleta mtu, kesi inatajwa, mwendesha mashitaka anasema upelelezi haujakamilika, karandinga linamrudisha. Baada ya wiki mbili tena. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa hivyo kwa miaka kwa tuhuma za ugaidi, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashitaka alipoiondoa kesi. Wale tuliwajua kwa sababu ni masheikh. Mvuvi asiye na jina, wa dini yoyote, nani anamhesabia miaka?

Kuna jambo jingine watu hawalioni. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alisamehe wafungwa 5,533. Ni kheri kubwa. Lakini msamaha huwafikia waliohukumiwa. Mahabusu hawezi kusamehewa, kwa kuwa hajatiwa hatiani. Anamwona mwizi aliyekiri anafunga kifurushi chake, yeye anabaki. Miezi michache kabla ya hapo, Julai, Rais huyo huyo aliingia gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza mahabusu wenyewe kwa vinywa vyao. Niliposoma habari ile nilisema, hii ndiyo sunna ya makadhi, ila ilitakiwa iwe kazi ya kila wiki ya mtu mwenye daftari.

Wapo pia wenye haki ya dhamana na bado wako ndani. Niliwahi kumkuta kijana wa miaka ishirini anayetuhumiwa wizi wa simu. Dhamana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Kilichotakiwa ni watu wawili wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Alikaa miezi minne. Ami zake wanaswali safu ya mbele. Kila mmoja alisema, "Sheikh, akikimbia je?"

Swali lao ni la haki, na fiqhi imelijibu, kwani udhamini wa mwili una mlango wake na masharti yake: nani anafaa kudhamini, anatakiwa kumleta mtu wapi, na anatoka lini kwenye dhima yake. Darsa ijayo, in shaa Allah, nitaanza na hilo. Mwenye ndugu rumande aniandikie mapema, aseme kesi iko hatua gani, na kama dhamana iko wazi au la.

Wabillahi tawfiq.