Visiwa vya Ssese: Utupu Uliotokana na Amri
Wilaya ya Kalangala, Uganda, ni visiwa 84 vya Ssese ndani ya Ziwa Viktoria, Bugala kikiwa kikubwa kuliko vyote. Kisiwani Bubembe palikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, ambalo hata makabaka wa Buganda walilipelekea sadaka. Heshima isiyo ndogo kutoka kwa wafalme wa bara. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua wengi, na kufikia 1909 serikali ya Hesketh Bell ilikuwa imeamuru waliosalia wahamishwe. Msitu ukameza mashamba. Marejeo yalianza polepole miaka ya 1920. Mabishano kuhusu ardhi ya Bugala, penye michikichi leo, yachunguzwe kuanzia uhamisho huo, si 1989 wilaya ilipomegwa kutoka Masaka.