Carmen Alivunja Sahani

Mwaka 1845 mwandishi Mfaransa, Prosper Mérimée, alitoa kisa cha msichana anayeitwa Carmen. Kuna mahali mpenzi wake anataka kumwona akicheza dansi, lakini kastaneti hazipo, vile vibao viwili ambavyo Wahispania hugonganisha mkononi. Carmen anafanya nini? Anachukua sahani moja tu iliyomo kwenye nyumba ya bibi kizee, anaivunja, anashika vigae na kuanza kucheza. Na Mérimée anatuhakikishia kwamba vigae vililia vizuri, hakuna aliyekumbuka kastaneti za bei.

Miaka 30 baadaye, tarehe 3 Machi 1875, Carmen huyohuyo akapanda jukwaani Paris katika opera ya Georges Bizet. Hata kama hujawahi kuskia jina Bizet, wimbo wake wa Habanera umeuskia. Uko kwenye matangazo, katuni, filamu, kila mahali.

Naanza na hiyo sahani kwa sababu nimechoka. Kila nikiposti video yetu sisi maboi na wasichana wa Ukunda tukisindikiza Habanera kwa sanduku, mitungi na vifuu vya nazi, komenti hazikosi. "Muziki wa wazungu haupigwi na makopo." "Mnatuaibisha." Haya, hao wa mtandaoni ni wa kupuuza. Lakini binamu yangu anasoma sekondari huku Kwale, na alipotaka kuingia kikundi cha muziki wa klasiki shuleni kwao, aliambiwa kwanza alete fidla yake. Fidla, mazee! Mamake anauza viazi karai. Mpaka leo binamu yangu hayumo kwenye kikundi, na ana sikio kuliko wengi waliomo.

Kwa hivyo leo si video. Leo ni historia kidogo. Nataka kuonyesha kwamba hao wanaotufungia mlango hawaujui vizuri huo muziki wanaoulinda, na hawaijui pwani yao.

Tuanze na huo muziki. Watu wakisema enzi ya Kiromantiki hawazungumzii maua ya Valentine. Ni karibu karne yote ya 19 huko Ulaya, wakati watunzi walitaka muziki ubebe hofu, hasira, mapenzi, dhoruba, kifo, kila kitu. Na kwa sababu walitaka sauti ambazo okestra za zamani hazikuwa nazo, ilikuwa karne ya mafundi. Tarumbeta ya vali unayoiona kwenye bendi ya polisi? Hati ya uvumbuzi wake ilitolewa Berlin mwaka 1818. Saksafoni? Adolphe Sax aliisajili Paris mwaka 1846. Vitu tunavyoona leo ni vya heshima, vilikuwa majaribio ya fundi kwenye karakana. Jua kali ya Ulaya, kama unataka jina.

Na hawakuishia hapo. Richard Wagner, kwenye opera yake Das Rheingold iliyochezwa mara ya kwanza Munich mwaka 1869, aliandika sehemu ya fuawe 18. Fuawe ni lile chuma ambalo mhunzi anapondea vyuma vyake. Kumi na nane! Tchaikovsky, kwenye muziki wake wa 1812, akaandika mizinga ya vita. Gustav Mahler, kwenye simfoni yake ya sita ya mwaka 1906, akaandika nyundo, na mpaka leo okestra nyingi zinapofika hapo, mtu anainua nyundo kubwa ya mbao na kuishusha juu ya sanduku la mbao. Sanduku! Watu wamelipa tiketi, wamevaa suti, wanaskiza sanduku likipigwa nyundo. Halafu sisi tukigonga ringi ya gari pale Ukunda, ati tunaaibisha muziki.

Sasa turudi nyumbani. Huohuo mwaka 1875 wa Carmen, mwezi wa Juni, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa London kwa ziara. Huyo ndiye aliyekuwa na madai ya utawala juu ya ukanda wetu wa pwani, Diani na Msambweni ndani. Alikuwa na bendi ya Wagoa waliopiga muziki wa Kizungu kwenye kasri lake. Na simulizi maarufu ya taarab inasema alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki. Cairo ya wakati huo haikuwa ya mchezo. Nyumba ya opera ilifunguliwa huko mwaka 1869 kwa kazi ya Verdi, na tarehe 24 Desemba 1871 opera yake Aida ilichezwa mara ya kwanza duniani palepale. Kwa hivyo sauti za karne ile zilikuwa zinatufikia kwa meli, zikiwa za moto bado. Ukiona fidla kwenye taarab leo, usiulize imetoka wapi kama mgeni. Ina zaidi ya miaka mia moja huku.

Lakini fidla na bendi ya kasri ni za wenye pesa. Mtu wa kawaida alifanya nini? Hapa ndipo historia inakuwa tamu.

Kwanza kuna beni. Neno lenyewe limetoka kwa "band". Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, vijana wa Mombasa na Lamu waliunda vyama vya ngoma vilivyoiga bendi za kijeshi za Kizungu, sare, vyeo, gwaride na yote. Vyama vilikuwa na majina kama Kingi na Skochi, na vilishindana vibaya. Beni ikasafiri na maaskari na wapagazi hadi ndani kabisa ya bara. Huko tarumbeta za shaba zilikuwa ndoto, lakini ngoma haikusimama. Upande wa Malawi, ambako inaitwa malipenga, walichukua vibuyu, wakatoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui, halafu wakaimba ndani yake. Utando unatetema, sauti inatoka na mkwaruzo kama wa tarumbeta. Na kule Luanshya, Zambia ya leo, mtafiti Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 kuhusu ngoma ya kalela, mtoto wa beni, na ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta ya galoni 44 yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe.

Pili kuna kidumbak cha Zanzibar, ambacho wengine walikiita kitaarab, yaani taarab ya harusi za watu wa kawaida. Fidla iko moja, na pembeni yake ngoma mbili ndogo, vijiti vya mkwasa, cherewa za kutikisa, na besi ya sanduku. Hili sanduku ndilo mwalimu wetu. Lilikuwa sanduku la mbao la kusafirishia majani ya chai. Likishamaliza kazi ya chai, linapinduliwa chini, linatobolewa katikati, linafungwa uzi mmoja, uzi unapanda hadi kwenye ncha ya fimbo. Ukivuta fimbo uzi unakazika, sauti inapanda. Ukilegeza, inashuka. Usifikiri ni ubunifu wa maskini wa Afrika pekee, kwa sababu vijana wa Uingereza walifanya vilevile miaka ya 1950. Kikundi cha Quarrymen cha Liverpool, kilichokuja kuzaa Beatles, kilikuwa na besi ya sanduku la chai.

Siku hizi chai inafungwa kwenye magunia ya karatasi, kwa hivyo sisi tuliokota vipande vya plaiwudi kwa fundi seremala, akatupigia sanduku. Uzi ni mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene. Mzee mmoja Mpemba, mvuvi wa Msambweni, ndiye aliyetuonyesha fundo lisiloteleza. Fimbo ni mpini wa reki iliyokufa. Gharama yetu kubwa ilikuwa soda ya fundi.

Na kwa nini Habanera? Kwa sababu besi yake imeandikwa kama vile Bizet alijua tuna sanduku. Ni noti nne zinazojirudia tena na tena: re, la, fa, la. Ukihesabu, ni sauti tatu tofauti tu. Tulitia alama tatu kwenye mpini, mchezaji akajua avute wapi, na ndani ya wiki moja alikuwa anaipiga akipiga na stori. Mdundo ni ule wa taaa-ta-ta-ta. Ukiskia vizuri utasema, hebu ngoja, huu naujua. Ndiyo, unaujua.

Habanera maana yake ni ya Havana, mji mkuu wa Cuba. Bizet aliichukua tuni kutoka kwa Mhispania Sebastián Iradier, akidhani ni wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe. Na mdundo wa habanera ulikua Cuba, kisiwa ambacho Waafrika walipelekwa kwa minyororo na wakabaki na ngoma zao mikononi. Halafu miaka ya 1930 santuri za GV zikaleta muziki wa Cuba Afrika, watu wakaupokea kama ndugu aliyepotea, rumba ikazaliwa. Kwa hivyo mtu akiniambia Habanera ni ya wazungu, namuuliza, sehemu gani? Maneno ni ya Kifaransa, sawa. Lakini hiyo besi ilivuka bahari mara mbili ikatukuta hapa tukiwa na sanduku tayari.

Nisiwadanganye lakini. Makopo hayafanyi kila kitu. Tuni ya Habanera inashuka nusu sauti kwa nusu sauti, na hakuna chombo chetu kinachoweza, kwa hivyo tunaimba, au tunaweka okestra kwenye spika na kuisindikiza. Muziki wa Kiromantiki pia unapenda noti ndefu zinazovimba polepole, na ukipiga mtungi, sauti inakufa hapohapo. Dawa tuliyopata ni chupa za soda. Tia maji, puliza mdomoni mwa chupa. Maji mengi, sauti ya juu. Machache, sauti ya chini. Watu wanne na chupa nne wakipokezana pumzi, unapata noti ndefu nyororo. Vifuu vya nazi ndivyo kastaneti zetu. Chupa ndogo ya plastiki yenye mchele ni cherewa. Na debe? Tunayo ile methali ya kuwasema watu wajinga, debe tupu haliachi kuvuma. Kwa mwanamuziki hiyo si matusi, ni maelezo ya kazi. Linavuma kwa sababu ni tupu. Fidla nayo ndani ni tupu. Uzi peke yake hausukumi hewa ya kutosha, ni uwazi wa ndani na mbao inayotetema vinavyoubeba mpaka masikioni mwako.

Na tusiende mbali kutafuta ndugu wa ala za okestra. Nzumari ya sengenya, ngoma ya Wadigo, ina ulimi wa pande mbili mdomoni, sawa na obo inayopigwa Vienna na Paris. Hizo mbili ni familia moja. Binamu yangu amekua akiskia nzumari harusini, halafu anaambiwa hana msingi wa muziki.

Sasa kuna jambo moja nataka lieleweke, kwa sababu naona mtu wa kaunti akisoma hii na kufurahi. Kopo si kisingizio. Kule Paraguay kuna okestra ya watoto wa Cateura, karibu na jalala, ambao wanapiga fidla na selo zilizotengenezwa kwa takataka chini ya Favio Chávez, na dunia nzima inalia machozi ikiwatazama. Nawapenda sana. Lakini kuna watu wanapenda umaskini wetu kuliko muziki wetu. Nairobi, Ghetto Classics ya Korogocho, iliyoanza mwaka 2008 karibu na jalala la Dandora, ilichagua njia nyingine. Mtoto anapewa fidla halisi na mwalimu. Hiyo ndiyo haki. Shule za Kwale zinastahili fidla, obo na walimu wa kuzifundisha, na mimi nitapiga kelele mpaka zije.

Ninachokataa ni kungoja. Ukimwambia mtoto asubiri mpaka fidla ije, umemwambia aanze akiwa na miaka 30. Mtoto aliyepiga besi ya sanduku miaka miwili anajua mapigo, anajua kuskiza wenzake, anajua sauti inapanda kwa nini. Mpe selo kesho, nusu ya kazi ameshamaliza.

Kwa hivyo walimu, ombi langu ni dogo. Kwenye kikundi chenu wekeni nafasi moja ya sanduku. Moja tu. Na nyinyi mnaosoma hii, jumamosi saa kumi tuko uwanjani Ukunda. Njoo na chombo chochote kinacholia, mradi usivunje sahani za mamako.