Maradhi ya Utumbo na Hatari ya Kiharusi

Tangu mwaka 1932, Burrill Crohn na wenziwe Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York, walipoandika habari za wagonjwa 14 wenye uvimbe sugu katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, imekuwa ada ya matabibu kuuhesabu ugonjwa huo wa Crohn, pamoja na nduguye, kolaitisi ya vidonda, ushikao utumbo mpana, kuwa ni mambo ya tumbo na choo tu. Hata hivyo haikupita miaka mitano kabla Bargen na Barker wa Mayo Clinic, katika mwaka 1936, hawajaeleza kwamba wako wenye kolaitisi ya vidonda ambao damu yao huganda ndani ya ateri na veni zilizo mbali kabisa na utumbo. Nia ya makala haya ni kutetea rai moja, nayo ni kwamba maradhi haya ni ya mishipa ya damu kama yalivyo ya utumbo, na kwamba kumkinga mgonjwa na kiharusi huanza kwa kuutuliza uvimbe wenyewe tangu ujana wake.

Miongoni mwa shahada zenye uzito ni ile iliyotoka Uswidi mwaka 2023. Watafiti wa huko hawakuridhika na jina la ugonjwa lililoandikwa katika daftari la hospitali, bali walitaka kila mgonjwa awe na kipande cha utumbo kilichokatwa na kutazamwa kwa darubini katika mojawapo ya idara 28 za patholojia za nchi ile. Kwa njia hiyo walipata wagonjwa 85,006, wakawalinganisha na watu 406,987 wa umri, jinsia na makazi yanayofanana nao. Kwa kila watu 10,000 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, takriban 33 katika wagonjwa walipatwa na kiharusi, ilhali katika wenzao walikuwa 28 hivi, na hesabu ilipokamilika hatari ya wagonjwa ilionekana kuzidi kwa asilimia 13. Ziada hiyo ilitokana hasa na kiharusi cha mshipa kuziba, si kile cha mshipa kupasuka.

Msomaji mwenye insafu atasema kwamba asilimia 13 si jambo la kutia hofu, na kwa mwaka mmoja maneno yake ni kweli. Lakini maradhi haya aghlabu humwanza mtu angali kijana, wala hayana dawa ya kuyang'oa, hivyo kila mwaka huongeza kidogo juu ya kidogo, hata watafiti wale wakakadiria kwamba, katika miaka 25 baada ya ugonjwa kutambuliwa, kila wagonjwa 93 hupata kiharusi kimoja zaidi ya kile ambacho kingalitarajiwa. Aliyegunduliwa na umri wa miaka 25 atakuwa na 50 muda huo ukitimia, naye bado ni mtu wa kazi na mwenye kutegemewa na watoto.

Mwingine atasema kwamba huenda sababu ni damu ya ukoo au malezi ya nyumba moja. Hoja hii ni ya haki, na jawabu lake limo katika utafiti ule ule, kwani wagonjwa walilinganishwa pia na ndugu zao wa kuzaliwa, na ziada bado ikabakia. Imebaki hoja ya tumbaku, ambayo madaftari yale hayakuiandika. Naam, uvutaji wa sigara huchochea ugonjwa wa Crohn na huharibu mishipa. Lakini kwa kolaitisi ya vidonda mambo ni kinyume, maana huonekana kwa uchache zaidi kwa wavutaji, na bado wagonjwa wake nao wana ziada ya kiharusi. Tumbaku peke yake, basi, haitoshi kuwa tafsiri.

Tukiutazama mwili wa mgonjwa wakati ugonjwa unapochachamaa, sababu huonekana dhahiri. Kemikali za uvimbe zinazotoka utumboni husafiri na damu hadi kwenye ini, nalo huzidisha fibrinojeni, ambayo hugeuka kuwa nyuzi za bonge la damu. Chembe sahani huongezeka, na upungufu wa madini ya chuma utokanao na kuvuja damu huzidi kuziongeza. Utando wa ndani wa mishipa hupoteza ulaini wake. Na kuharisha mfululizo hukausha maji ya mwili. Fauka ya hayo, sehemu ile ile aliyoieleza Crohn ndiyo inayofyonza vitamini B12, na vitamini hiyo ikipungua, homosisteini, ambayo huhusishwa na kuganda kwa damu, hupanda. Haikuwa ajabu, basi, kwamba mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walikuta hatari ya damu kuganda katika veni ikiwa takriban mara nane ya kawaida wakati wa mchachamao, wala kwamba huko Denmark, mwaka 2013, hatari ya kiharusi ilionekana kupanda ugonjwa unapoamka na kukaribia ile ya watu wengine unapotulia. Katika ushahidi wote, huu ndio unaonielekeza zaidi kwenye rai yangu, kwa kuwa jambo lipandalo na kushuka pamoja na uvimbe ni jambo ambalo tabibu ana uwezo wa kulishika.

Utekelezaji wake wataka hadhari. Tabibu asihadaike na wembamba wa mgonjwa wala na lehemu yake ndogo, kwa sababu uvimbe wenyewe hupunguza uzito na lehemu pia, na vipimo vya kukisia hatari ya moyo vikamtangaza kuwa salama ilhali sivyo. Steroidi zitumike kuzima moto, kisha ziondolewe kwa taratibu na kuachia nafasi dawa za kudumu, maana zikikawia hupandisha shinikizo la damu na sukari. Aliyelazwa kwa mchachamao mkali apewe sindano ya heparini chini ya ngozi ili damu isigande, hata kama choo chake kina damu, isipokuwa damu hiyo ikiwa nyingi ya kuhatarisha uhai. Watu wengi huiogopa sindano hii, na kuiogopa huko kumewanyima wagonjwa kinga wanayoistahiki. Aspirini, kwa upande wake, isigawiwe kwa kila mgonjwa, kwani kwa asiyewahi kupatwa na kiharusi madhara ya kuvuja damu yaweza kuishinda faida. Na kijana mwenye ugonjwa huu akilalamika kuumwa kichwa kwa siku kadhaa, kutapika na kuona ukungu, asiambiwe kuwa ni uchovu wa upungufu wa damu, bali achunguzwe veni za ubongo.

Katika Afrika ya Mashariki, ambako kuhara damu kwa haki hushukiwa kwanza kuwa amiba, na uvimbe wa utumbo kuwa kifua kikuu, mgonjwa aweza kuzunguka muda mrefu kabla ugonjwa wake haujatambuliwa, na muda wote huo mishipa yake imo hatarini. Kwa hiyo kuharakisha uchunguzi wa utumbo kwa kamera na darubini ni sehemu ya kinga ya kiharusi, na kipimo cha shinikizo la damu chastahili kutumika katika kila kliniki ya maradhi ya tumbo, kwa kila mgonjwa, katika kila ziara, hata awe kijana kiasi gani.