Ofisi ya mkoloni iliyogeuzwa hazina ya kumbukumbu Meru

MSAFIRI anayeondoka mjini Embu kuelekea Meru hupitia Runyenjes, huvuka Mto Thuci, hupita Chuka na kuteremka hadi daraja la Nithi kabla ya kupanda tena kuelekea Nkubu. Mlima Kenya humwandama mkono wa kushoto. Mwishoni mwa safari hiyo, katikati ya mji wa Meru, lipo jengo la mawe ambalo wengi hulipita bila kuligeuzia macho: Makavazi ya Meru.

Jengo hilo, linalotajwa kuwa kongwe zaidi miongoni mwa majengo ya mawe mjini humo, lilijengwa mwaka wa 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Waingereza walikuwa wameitiisha Embu kwa silaha mwaka wa 1906, na miaka miwili baadaye afisa wao, Edward Butler Horne, akaanzisha kituo cha utawala Meru. Wenyeji walimbandika jina la Kangangi, yaani mzururaji mdogo.

Mwaka wa 1916 haukuwa wa kawaida. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimepamba moto, na wanaume wa Kenya walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya wanajeshi hadi Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Ofisi za aina hii ndizo zilizosimamia kodi ya nyumba na utafutaji wa vibarua. Na baada ya vita, kipande ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa nacho.

Jengo lilifunguliwa kuwa makavazi mwaka wa 1974, na leo liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Hatima yake inafanana na ya majengo mengine ya dola. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makavazi mwaka wa 1962. Huko Kapenguria, gereza walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano lina makavazi tangu 1993.

Ndani ya Makavazi ya Meru, mgeni hukuta vifaa vya maisha ya jadi. Nje, mfano wa boma la Kimeru na mimea ya tiba. Miraa nayo ina nafasi yake. Kabla ya kuwa zao la biashara, ambalo Uingereza ilipiga marufuku mwaka wa 2014, kitita chake kilibebwa na wachumba walipokwenda kuposa, desturi ambayo haijatoweka. Hapa pia husimuliwa asili ya Wameru, waliotoroka utumwani Mbwaa, pwani, na habari za Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru.

Kwa mkazi wa Embu, ziara hii huzua swali zito. Mji wake ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, lakini asili ya Waembu hailindwi na kuta za mawe. Imo katika kichaka cha Mwenendega, karibu na Runyenjes, na katika vinywa vya wazee. Mzee anapofariki, au kipande cha babu kinapotupwa pamoja na takataka, hakuna jumba litakalokirejesha.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 humruhusu Waziri kutangaza jengo au mahali kuwa turathi katika gazeti rasmi la serikali, na baada ya hapo kubomoa bila idhini huwa kosa. Hata hivyo, sheria hailindi kisichojulikana. Ni lazima kwanza wenyeji watambue thamani ya walicho nacho.

Anayezuru atenge angalau saa mbili na amwombe mwelekezi amfafanulie. Raia hutozwa ada nafuu kuliko wageni kutoka ng'ambo. Anayeweza, aende na nyanya au babu yake. Mbele ya kibuyu au mkuki uliomo kabatini, huenda mzee akakumbuka jambo ambalo halijaandikwa popote, na mjukuu akapata la kunakili kabla halijapotea.